Wembe wa Marehemu Baba



Wasomaji wapenzi wa safu hii, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu, wiki hii sitaandika juu ya hukumu za aqiqa. Hukumu zake mwazijua, nami nimeshazieleza mara nyingi kuliko mnavyopenda kukumbuka. Nitaandika juu ya mkono wangu wa kulia, juu ya wembe mmoja wa zamani, na juu ya kovu dogo lililo nyuma ya sikio la binti yangu wa kwanza.

Wembe wenyewe ni wa kukunja, wenye mpini mweusi uliochakaa kwa kushikwa. Karibu na kiungo chake limechongwa neno Solingen, jina la mji wa Ujerumani uliosifika tangu zamani kwa visu na nyembe. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini Kilindini, na jinsi alivyoupata sikuwahi kumuuliza. Kila Ijumaa asubuhi, uani kwetu Kibokoni, alikuwa akitundika ukanda wa ngozi kwenye komeo la mlango, akaupitisha wembe juu yake huku na huko kwa mdundo ambao sisi watoto tuliujua kama tulivyoijua sauti ya muadhini wetu. Kisha hujinyoa kichwa mwenyewe, bila kioo, kwa kupapasa. Watu husema kinyozi hajinyoi. Baba hakuwa kinyozi, na labda hiyo ndiyo sababu aliweza.

Watoto wote wa ukoo wetu waliozaliwa katika zama zake, yeye ndiye aliyewanyoa siku ya saba. Kazi yangu ilikuwa kumshikia bakuli la maji. Nilishika bakuli hilo miaka mingi, nikadhani kwamba nimejifunza kunyoa.

Baba alifariki mwaka 1995, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka uliofuata tukajaaliwa binti. Nilikuwa kijana, nimetoka kuhitimu masomo yangu, kilemba bado kipya kichwani. Siku ya saba nyumba ilijaa watu, mbuzi keshachinjwa, sufuria za pilau zimeshapanda motoni. Mjomba akauliza, "Nani atakayenyoa?" Nikajibu pale pale, "Mimi." Nikautoa wembe sandukuni, mahali ulipolala zaidi ya mwaka bila kunolewa, nikaupangusa kwa kitambaa na nikaona yatosha. Nywele nikazilowesha kwa maji ya baridi, haraka haraka, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Nikaanza upande wa kulia, kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoanziwa upande wa kulia aliponyolewa katika Hija yake ya kuaga. Mlango huo wa fiqhi niliusoma mbele ya masheikh wawili na dalili zake zote zilikuwa ulimini mwangu. Mkononi hapakuwa na kitu. Wembe usio na makali haukati, huvuta. Ulipovuta, mtoto alishtuka, na aliposhtuka nami nikakandamiza.

Damu haikuwa nyingi. Lakini juu ya kichwa cha mtoto wa siku saba, tone moja lina ukubwa wake. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake cha uzazi. Akainuka, akaja, akamchukua mwanawe mikononi mwangu, akarudi ndani. Hakusema neno. Akaitwa kinyozi wa mtaani aje kumalizia, na wageni wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu, nami hilo likanielemea kuliko lawama.

Watoto watatu waliofuata walinyolewa na kinyozi yule yule. Kila mara nilikuwa na udhuru: napokea wageni, nasimamia nyama. Na binti yangu alipofikia umri wa kujitazama kiooni na kusuka nywele, akauliza ni kitu gani kile nyuma ya sikio. Mama yake akamwambia ni alama tu ya utotoni. Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo na kitabu mapajani. Sikusahihisha. Kazi yangu maisha yote imekuwa kusahihisha watu, herufi kwa herufi, irabu kwa irabu, na kosa hilo moja nikaliacha lipite kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2013 nilihamia Ruiru kufundisha madrasa. Barabara kuu ya Thika ilikuwa imekamilika mwaka mmoja kabla, na Ruiru, mji niliousikia zamani kwa mashamba ya kahawa na kituo cha utafiti wa zao hilo, ulikuwa unaota majumba ya kupanga kila wiki. Kwa mtu wa pwani, baridi ya mwezi wa Julai huko ni mtihani. Maji ya udhu ya alfajiri yana uchungu kama kwamba yametoka kisimani na barafu. Lakini riziki ya mtu iko alikoandikiwa. Baadaye binti yetu akaolewa Thika, kilomita ishirini tu kutoka kwetu, matatu moja bila kubadilisha.

Siku moja akanipigia simu, akiwa na mimba ya miezi saba. Tukasalimiana, tukaulizana hali, kisha akasema, "Baba, nikijaaliwa salama, nataka wewe umnyoe mtoto. Mama aliniambia babu alikuwa akiwanyoa watoto wote kwa mkono wake."

Nikasema inshallah. Ilikuwa ile inshallah tunayoitumia sisi watu wazima tunapotafuta njia ya kukimbia, na Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kulitumia neno tukufu namna hiyo. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho.

"Safari hii," akasema, "kwanza kajifunze."

Karibu na madrasa yetu kuna duka la kinyozi. Mwenyewe ni kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, mtundu kupita kiasi, aliyenisumbua sana katika makhraj ya herufi za koo. Nilikuwa nikimwambia kila siku, "Usikaze, iache herufi itoke yenyewe." Sasa ana duka lake, mashine zake za umeme zinalia kutwa, na vijana wa Ruiru hupanga foleni kunyolewa mitindo ambayo mingine, nikipita, hulazimika kuangalia upande wa pili. Kazi ya wembe alifundishwa na ami yake huko Thika. Nilipomweleza haja yangu alidhani ninamtania. Nilipomwonyesha wembe wa baba akaacha kucheka, akaupeleka kwenye mwanga, akasema, "Ustadh, huu una kutu. Lakini chuma chake bado ni kizima."

Akaunoa juu ya kinoo kilicholoweshwa maji, taratibu, karibu saa nzima. Kisha akanikataza kuugusa uso wangu wiki nzima. Wiki ile ya kwanza nilijifunza ukanda peke yake. Wembe hupitishwa kwenye ngozi mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho, unaugeuza kwa mgongo wake, kamwe si kwa makali, kisha unarudi. Ukisahau mara moja tu, makali yanaingia ndani ya ukanda. Nilisahau. Ikabidi nimtafutie ukanda mwingine, nikaupata Thika, ambako kuna viwanda vya kutengeneza ngozi na vipande vyake huuzwa kwa mafundi. Kijana akaupokea bila neno, kama nilivyokuwa nikipokea mimi misahafu iliyochanwa na watoto.

Wiki ya pili tukaingia kwenye puto. Mwanafunzi wa kazi hii hupewa puto lililojazwa hewa na kupakwa povu la sabuni, atoe povu lote bila kulipasua. Yalipasuka manne. Watoto wa madrasa walikuwa wakisikia mlio kutoka ng'ambo ya ukuta, na nilipoingia darasani alasiri ile, mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Ustadh amepasua jingine."

Hapo ndipo nilipopata elimu niliyoikosa mwaka 1996. Kwanza, maji ya uvuguvugu na subira. Sote twaijua methali ya mwenzako akinyolewa zako tia maji, na tunaitumia kuonyana juu ya misiba. Mimi sikupata kufikiri kwamba kabla ya kuwa onyo ilikuwa maelezo ya kazi. Unywele uliokunywa maji hulainika na kukatika. Mkavu hushindana na chuma. Pili, pembe. Wembe ukilala mno juu ya ngozi huvuta, ukisimama mno huchana. Mahali pake ni kama nyuzi 30 hivi, na mkono huzoea kupajua kuliko jicho. Tatu, hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, mkono wa kushoto. Kijana aliniambia, "Ustadh, wa kulia unapita tu. Anayenyoa ni wa kushoto." Maana yake ni kwamba mkono usio na wembe ndio unaovuta ngozi ikatulia tambarare, na pasipo hivyo makali hukutana na mkunjo na kuuingia. Nikajaribu kukumbuka mkono wangu wa kushoto ulikuwa wapi siku ile Kibokoni. Ulikuwa umeshika kilemba kisianguke.

"Usikaze, Ustadh," kijana akaniambia nilipoanza kwenye shavu langu, juu ya mstari wa ndevu. "Uache wembe ufanye kazi wenyewe." Nikamtazama katika kioo. Alikuwa anatabasamu, lakini kwa adabu.

Shavu lilinitoka damu mara tatu siku ya kwanza, mara moja siku ya pili. Kipande cha shabu kilikuwa hakitoki mfukoni mwangu. Ukiligusisha jiwe hilo jeupe kwenye mchubuko, linauma kidogo na damu inakatika; bibi zetu walilijua kabla ya maduka ya dawa. Baada ya mwezi nilinyoa shingo. Mwezi wa pili kijana alifunga mlango wa duka mapema, akaketi kwenye kiti cha wateja wake, akaniinamishia kichwa.

"Sasa mimi," akasema.

Nilimfundisha alifu na ba mtoto huyu, na sasa alikuwa ameniinamishia utosi wake nami nina wembe mkononi. Nikasoma Bismillahi. Nilichukua karibu saa nzima, kwa kazi anayoimaliza yeye kwa dakika kumi, nikamwachia michubuko miwili. Alijipapasa kichwa na kusema, "Bado hujawa fundi, Ustadh. Lakini umeacha kuogopa vibaya." Nikamuuliza kuogopa vizuri ni kupi. Akasema ni kule kunakokufanya usimame pale usipoona.

Wasomaji wangu, katika Sahihi al-Bukhari imo habari ya Khubayb bin Adiy, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa mateka Makka akingojea kuuawa. Aliazima wembe kwa mwanamke wa nyumba ile ili ajisafishe kabla ya kukutana na Mola wake. Mwanamke akaghafilika, mwanawe mdogo akatambaa hadi kwa mateka, na mama alipogeuka akamwona mtoto amekaa pajani mwa Khubayb na wembe u mkononi. Khubayb akaiona hofu usoni mwake, akamtuliza kwamba hawezi kumdhuru mtoto. Nimeisimulia habari hii darasani na mimbarini sijui mara ngapi, na kila mara nilisimama upande wa Khubayb, nikaeleza uaminifu wake, ambao ni haki kuelezwa. Kumbe habari yenyewe imetufikia kwa sababu mama yule aliisimulia. Yeye ndiye aliyeuona wembe na mtoto mahali pamoja. Miezi ile miwili nikiwa Ruiru nilianza kuuona uso wake, na mara nyingi ulifanana na uso wa mke wangu mlangoni mwa chumba.

Mtoto akazaliwa, mvulana, mama na mwana salama, alhamdulillahi. Kabla hatujaondoka kijana aliniambia jambo moja ambalo nawasihi mama zetu mlishike. Wembe wa babu ni wangu mimi peke yangu. Mtoto atanyolewa kwa mpini wa kinyozi unaotiwa wembe mpya, ufunguliwe mbele ya mama na utupwe baadaye. Kenya ilipopata mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa, mwaka 1984, wembe mmoja ulikuwa bado unazunguka kichwa hadi kichwa katika vinyozi vingi, na ugonjwa huo, pamoja na homa ya ini, ndio uliobadilisha desturi. Lakini katika aqiqa zetu bado naona wembe ukitolewa kwenye karatasi iliyokunjwa, haijulikani jana ulikuwa wapi. Muulizeni anayenyoa. Akikasirika, tafuteni mwingine. Nilisikitika kidogo kuuacha wembe wa baba nyumbani, nakiri, kwa kuwa nilikuwa nimeshaupangia nafasi yake katika hadithi.

Tulifika Thika usiku wa kuamkia siku ya saba. Baada ya isha, wakwe wakiwa sebuleni, nikaingia chumbani kwa binti yangu. Alikuwa amempakata mtoto. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, tangu matatu ilipotoka Ruiru, na yote yakanipotea. Nikamwambia tu, "Mwanangu, lile kovu la nyuma ya sikio lako, ni mimi."

Nikamweleza yote: wembe uliolala mwaka mzima, maji ya baridi, kilemba. Akainua mkono akaligusa kovu, kama mtu anayehakikisha hereni iko.

"Kwa hiyo Mama alijua."

"Alijua."

"Na wewe ulikuwepo nilipomuuliza."

"Nilikuwepo."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana sikuwa na haki ya kumharakisha. Mtoto akaamka, akaanza kulia, nikatoka. Usiku ule sikulala vizuri, na mke wangu, aliyekuwa macho vilevile, aliniambia gizani, "Mimi sikukuficha wewe. Nilikuwa nimejificha mwenyewe. Nilikuona umeushika vibaya kabla hujaanza, nikaona haya kusema mbele ya watu." Miaka yote ile, jambo hilo sikulijua.

Asubuhi binti yangu aliniita. "Utamnyoa," akasema. "Lakini kichwa nitakishika mimi. Na nikisema basi, ni basi."

Basi ikawa hivyo. Kijana wangu wa Ruiru alikuja na mkoba wake. Mtoto akanyonyeshwa hadi akasinzia, kwa kuwa mtoto aliyeshiba hashtuki ovyo. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, subira. Wembe mpya ukafunguliwa mbele ya mama yake. Nikaanza kulia, mkono wangu wa kushoto ukivuta ngozi ile, ambayo ni nyembamba kuliko nilivyoweza kukumbuka, na binti yangu amekikumbatia kichwa cha mwanawe baina ya viganja viwili. Nilisikia pumzi zake. Nywele za tumboni ni laini, hazitoi sauti, zinaanguka tu. Nikamaliza kulia, nikamaliza kushoto, nikashuka kisogoni. Nyuma ya sikio la kulia nilisimama kidogo. Binti yangu hakusema kitu. Nikapita.

Nilipopanda juu nikafika utosini, pale ambapo mfupa haujafunga na ngozi inapiga polepole kama moyo mdogo. Wembe ukawa juu yake. Binti yangu akasema, "Basi, Baba."

Kuacha sehemu ya kichwa haijanyolewa na sehemu imenyolewa, hilo Mtume, rehema na amani zimshukie, amelikataza, na kila mtu mle chumbani alilijua kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha. Nikageuka, nikamkabidhi kijana mpini. Akapiga goti nilipokuwa nimepiga mimi, akavuta ngozi kwa vidole viwili, akapita mara tano au sita, ikawa imekwisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto hakukunja hata uso.

Nywele tulizikusanya kwenye kitambaa, mkwe wangu akazipeleka kwa sonara zikapimwe, hazikufika gramu moja, na sadaka yake ya fedha ikatolewa siku ile ile. Walipokuwa wanazikunja, binti yangu alimlaza mwanawe begani akampitisha kiganja kichwani kote, kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso, kisha kwa kidole kimoja akampapasa nyuma ya sikio la kulia, na la kushoto. Akarudia tena la kulia. Mama yake alikuwa amesimama kando yake akiangalia. Kisha akamgeuza mtoto, akamfunika kwa kanga, na kunitaka mimi na kijana tutoke ili anyonyeshe.